Sarafu ya mtoto katika Mapango ya Amboni

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Muumba wa mbingu na ardhi na vilivyomo baina yake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu wasomaji, miezi miwili iliyopita tulizungumza katika ukurasa huu juu ya haki ya mtoto kufundishwa tauhidi kabla ya kufundishwa jambo jingine lolote. Tulitaja wasia wa Luqman kwa mwanawe, ambao katika sura yenye jina lake, aya ya 13, unaanza na katazo la kumshirikisha Allah. Tuliiandika makala ile kwa kujiamini sana. Siku chache baadaye mwanetu wa miaka saba alitutahini katika somo lile lile, mbele ya watu, na tukashindwa. Tumeona ni amana kuwasimulieni yaliyotokea, kwani yapo mafunzo ndani yake kwa kila mzazi.

Chanzo cha jambo hili ni madrasa. Ustadhi wa watoto hapa Misima alikuwa akiwasimulia kisa cha vijana wa pangoni kilichomo katika Suratul Kahf, sura ambayo wengi wetu huisoma kila Ijumaa. Mtoto akarudi nyumbani na maswali yasiyokwisha. Pango ni nini? Lina mlango? Vijana wale waliona kwa taa gani? Mbona nyoka hawakuwauma? Tulimjibu tulivyoweza, lakini tuligundua kwamba tunamweleza kitu ambacho sisi wenyewe tulikuwa tumekiona mara moja tu, zamani, tulipokuwa wanafunzi wa chuo. Hapo ndipo sisi na mama yake tulipokubaliana kwamba katika likizo ya Juni, Allah akitujaalia uhai, tutampeleka Amboni.

Hatukuona kuwa ni anasa. Qur'an inatuhimiza mara nyingi kutembea katika ardhi na kutazama jinsi Allah alivyoanzisha viumbe, kama ilivyo katika Suratul Ankabuut, aya ya 20. Katika Suratul Ghaashiya, kuanzia aya ya 17, tunaulizwa kama hatumtazami ngamia alivyoumbwa, mbingu zilivyoinuliwa, milima ilivyosimikwa na ardhi ilivyotandazwa. Familia zetu nyingi za Handeni na Korogwe husafiri kwa ajili ya misiba, harusi na hospitali tu. Mtoto hukua bila kuwahi kuoneshwa alama moja ya Mola wake kwa nia ya kuoneshwa.

Tuliondoka Misima baada ya swala ya Alfajiri, tukapanda gari la Korogwe, na pale tukabadilisha gari la Tanga. Tulipita Segera, kisha Hale, mahali ambapo maji ya Mto Pangani huzalisha umeme, kisha Muheza. Mtoto alikaa dirishani akihesabu mistari ya mkonge mpaka hesabu ikamshinda. Tulipofika Tanga tulishika barabara iendayo Horohoro, kwani mapango yapo umbali wa kilomita nane hivi kutoka katikati ya jiji, upande wa Kiomoni. Kwa kuwa safari yetu ilizidi kilomita 100, tulizikusanya na kuzipunguza swala za Adhuhuri na Alasiri katika msikiti wa njiani. Hilo nalo lilikuwa darasa, maana mtoto alitaka kujua kwa nini rakaa zimepungua, na alifurahi sana kusikia kwamba Allah huwahurumia wasafiri.

Mapango ya Amboni ni miongoni mwa maajabu makubwa ya mkoa wetu. Yapo mapango kumi, lakini wageni hutembezwa katika moja tu, na sasa yanasimamiwa na Mamlaka ya Hifadhi ya Eneo la Ngorongoro. Mlangoni tulikutana na kijana mwongoza wageni, mpole na mwenye ujuzi, akatupa salamu, akatuita "ustadhi" kwa ajili ya kofia yetu, kisha akawasha tochi.

Hatua chache tu ndani, mwanga wa jua uliisha. Mtoto alitushika kanzu kwa mikono miwili. Hewa ilikuwa na unyevu, harufu ya popo ilitanda, na sauti zao nyembamba zilisikika juu ya vichwa vyetu. Mahali pengine dari liko juu kama la msikiti mkubwa, mahali pengine mtu mzima huinama mpaka magotini huku mtoto akipita wima na kuwacheka wazazi wake. Mwongozaji alimulika mawe yaliyojichora maumbo mbalimbali: lile kama mamba, lile kama kochi, lile kama mlima Kilimanjaro wenye vilele vyake. Mtoto akasahau hofu, akaanza kutafuta maumbo yake mwenyewe. Aliona jogoo na birika la udhu.

Akauliza swali ambalo tulilisubiri: "Nani amevichonga?"

Mwongozaji alimjibu vizuri, nasi tunaifikisha elimu hiyo kama tulivyoifahamu. Jiwe la Amboni ni la chokaa, na wataalamu wa miamba wanalihesabu kuwa ni la enzi ya Jurasi, takriban miaka milioni 150 iliyopita. Maji ya mvua yanaposhuka hewani na kupenya udongoni, huchanganyika na hewa ya kabonidayoksaidi, yakawa na uchachu hafifu. Uchachu huo hauwezi kumdhuru mtu, lakini ukipita katika nyufa za chokaa kwa dahari na dahari, huliyeyusha jiwe kidogo kidogo mpaka panakuwa na uwazi, kisha chumba, kisha pango. Baadaye tone linaloning'inia darini huacha chembe ya chokaa kabla ya kudondoka, na jingine likaacha chembe nyingine, mpaka jiwe linashuka kutoka juu kama chuchu. Tone likianguka sakafuni huacha chembe pia, na jiwe jingine likapanda kutoka chini. Yakikutana, huwa nguzo.

Wajuzi wanakadiria kwamba mawe ya aina hii hukua kwa wastani wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita kwa mwaka. Tulipokuwa tumesimama mbele ya jiwe moja lenye kimo cha mtoto, tulimfanyia hesabu kwa namna atakayoielewa. Tangu Mtume (s.a.w.) alipohama kutoka Makka kwenda Madina imepita miaka elfu moja na mia nne na zaidi. Kwa muda wote huo, jiwe la namna hii huongezeka sentimita 14 hivi, na hiyo haitimii shubiri moja ya mtu mzima. Mtoto aliunyoosha mkono wake, akapima shubiri yake ndogo hewani, akanyamaza. Hatukuwa tumewahi kumwona akinyamaza hivyo. Tukasema "Subhanallah," naye akasema baada yetu, na tulihisi safari imetimiza lengo lake.

Laiti tungeishia pale.

Mwongozaji alitusimulia pia yale ambayo wageni hupenda kuyasikia: habari za Osale Otango na Paulo Hamisi, ambao husimuliwa kuwa walijificha humo miaka ya 1950 wakiwakimbia askari wa serikali ya kikoloni, na hadithi kwamba njia za pangoni zinafika Mombasa na hata Kilimanjaro. Wapimaji waliofika mwaka 1994 walikuta pango refu kuliko yote lina takriban mita 900. Kisha tukafika kwenye chumba kimoja, na sauti ya mwongozaji ikashuka. Akasema hapa ndipo penye Mzimu wa Mabavu. Watu huja kutoka mbali kuomba kazi, afya, na zaidi ya yote, kuomba watoto. Tochi ikamulika chini: chupa za marashi, vitambaa, majivu ya ubani, na sarafu nyingi zilizoota kutu. Akaongeza, bila kutukusudia ubaya, kwamba wanaokuja ni wa dini zote, wakiwamo wenye majina kama yetu.

Tulikuwa bado tunatafuta maneno ya kusema pale mtoto alipotia mkono mfukoni. Akatoa sarafu ya shilingi mia mbili ambayo bibi yake alimpa anunue karanga njiani. Akapiga hatua mbele, akainama. Tulipouliza anafanya nini, alijibu kwa sauti ya kawaida kabisa: "Hii ya Shangazi. Apate mtoto."

Wasomaji, tunaye ndugu yetu wa kike ambaye ameolewa kwa miaka tisa na hajajaaliwa mtoto. Ametupa ruhusa ya kuliandika hili. Huyo ndiye Shangazi. Mtoto alikuwa amewasikia wanawake wakinong'ona uani kwamba mbona haendi Amboni kama walivyokwenda wenzake. Sisi tuliokuwa tukiandika makala juu ya tauhidi hatukujua kwamba jina la mahali pale lilikuwa limekwisha kuingia masikioni mwa mwanetu likiwa na maana nyingine kabisa.

Tukamkamata mkono kwa nguvu. Tukapaza sauti: "Haramu! Hiyo ni shirki!" Pango lilirudisha maneno yetu mara mbili au tatu. Sarafu ilianguka. Wageni wengine waligeuka kutazama, na mtoto akalia kilio cha mtu aliyeadhibiwa kwa kutenda wema.

Mama yake hakutulaumu. Alichuchumaa kwenye lile jiwe lenye maji, akamkumbatia mpaka kilio kikapungua, akamwambia: "Unampenda Shangazi, mwanangu. Umefanya vizuri kumkumbuka." Kisha akamuuliza: "Ustadhi wetu ametuambia nani amelichonga jiwe hili?" Mtoto akajibu: "Maji." "Na maji yameletwa na nani?" "Allah." "Sasa, wewe ukitaka kitu, utamuomba Yeye aliyeleta maji, au jiwe lililochongwa na maji?" Mtoto alilitazama jiwe kwa muda, akasema: "Jiwe halina hata masikio."

Tukainua mikono palepale, watatu sisi, tukamuelekea Allah peke yake. Dua ya mtoto ilikuwa fupi: Mola ampe Shangazi mtoto, na popo wasituangukie. Mwongozaji aliitikia "Aamin" pamoja nasi, akaiokota sarafu, akampa mwenyewe.

Usiku ule, kwa jamaa zetu wa Tanga, hatukupata usingizi mapema. Tulikumbuka mambo matatu ambayo tumeyasoma chuoni na kuyafundisha, na ambayo hayakutujia pale tulipoyahitaji.

La kwanza ni bedui aliyekojoa msikitini. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba masahaba walipotaka kumkemea, Mtume (s.a.w.) aliwazuia, akaagiza maji yamwagwe pale, kisha akamfundisha mtu yule kwa upole. Ikiwa mtu mzima aliyeuchafua msikiti alistahiki upole, vipi mtoto wa miaka saba mwenye sarafu moja na huruma moyoni?

La pili ni Ibn Abbas (r.a.). Imepokewa katika Tirmidhi kwamba alikuwa kijana mdogo amepanda nyuma ya Mtume (s.a.w.), na hapo safarini akafundishwa kwamba anapoomba amuombe Allah, na anapotaka msaada autake kwa Allah, na kwamba umma wote ukikusanyika kumnufaisha au kumdhuru hautaweza ila kwa alilomuandikia Allah. Tazameni mahali pa somo lile: juu ya mnyama, njiani, mtu mzima na mtoto. Nasi tulikuwa njiani na mtoto. Nafasi ilikuwa ileile.

La tatu ni Umar bin Khattab (r.a.), ambaye alipolibusu Jiwe Jeusi alitamka kwamba anajua ni jiwe lisilodhuru wala kunufaisha, na kwamba analibusu kwa kuwa tu alimwona Mtume (s.a.w.) akilibusu. Mwanetu, kwa maneno yake ya kitoto, aliufikia ukweli ule ule alipopewa nafasi ya kufikiri. Kelele zetu zilikuwa karibu kumnyima nafasi hiyo.

Na vipo visa viwili vya pango ambavyo sasa tunavisoma pamoja. Vijana wa Suratul Kahf waliingia pangoni kuikimbia shirki ya watu wao. Baadhi yetu leo tunaingia pangoni kuifuata. Lakini tusiwe wepesi wa kuwacheka wanaokwenda. Tujiulize nani aliwaacha wafike huko.

Tulipata jibu letu tuliporudi Misima. Mtoto alikwenda moja kwa moja kwa shangazi yake na ile sarafu. Akamweleza yote bila kuficha: jiwe, mzimu, namna baba alivyogomba, na dua ya Mama. Ndugu yetu alilia. Kisha akatuambia jambo ambalo bado linatuuma tunapoliandika. Nauli ya kwenda Amboni alikuwa amekwisha kuiweka akiba. Katika miaka tisa alikuwa amesikia mawaidha mengi yanayomkataza kwenda kwa waganga na mizimuni, mengine kutoka vinywani mwetu. Lakini hakuna ndugu hata mmoja aliyewahi kuketi naye na kumuuliza anaendeleaje. Hakuna aliyemwambia mumewe kwamba ugumba huweza kutoka kwa mke, kwa mume, au kwa wote wawili, na kwamba vipimo ni vya wote wawili. Wanawake wa uani walimpa njia, hata kama ni ya upotevu. Sisi tulimfungia ile na hatukumfungulia nyingine.

Tuliketi naye siku ile mpaka Magharibi. Tulisoma pamoja habari za Nabii Zakariya (a.s.) mwanzoni mwa Surat Maryam, namna alivyomlilia Mola wake kwa siri ilhali mifupa yake imedhoofika na mkewe ni tasa. Tulisoma pia Suratush Shuuraa, aya ya 49 na ya 50, zinazotufundisha kwamba Allah humtunuku amtakaye mabinti, na amtakaye wana, na humfanya tasa amtakaye, na kwamba Yeye ni Mjuzi, Muweza. Aliyenyimwa hakunyimwa kwa kuchukiwa. Baadaye shemeji yetu naye alikubali, na wote wawili wamekwisha kwenda hospitali mara ya kwanza. Nauli iliyowekwa kwa ajili ya mzimu ndiyo iliyowapeleka. Matokeo yapo mikononi mwa Allah, na hatuna habari nyingine ya kuwapa wasomaji.

Katika kikao cha kamati ya msikiti kilichofuata, tuliomba radhi kwa kuwa wepesi wa kukataza na wazito wa kutembeleana. Kamati ilikubali kwamba darsa ya kinamama itenge siku ya kuzungumzia mtihani wa kukosa watoto, akina baba nao wafundishwe wajibu wao, na kwamba familia zenye mtihani huo zitembelewe kama tunavyowatembelea wagonjwa.

Kabla ya kuhitimisha, tunatoa nasaha chache kwa familia zinazokusudia kwenda Amboni au mahali pengine penye maajabu ya Allah.

Nendeni na watoto, wala msiache kwa sababu ya yale yanayofanywa pale na baadhi ya watu. Pango ni la Allah, na ubaya wa kitendo cha mtu hauliondolei hadhi ya kuwa alama ya uumbaji wake. Mwandaeni mtoto kabla ya kuondoka: mwambieni kwamba atakuta sarafu na marashi, na kwa nini sisi hatuweki. Sisi tulimwandalia chakula na viatu, na hilo tukalisahau.

Mvalisheni viatu visivyoteleza na nguo zisizoburuta, kwa kuwa sakafu ina maji na baadhi ya njia ni nyembamba. Chukueni tochi yenu wenyewe, na msimwache mbali na mwongozaji hata kidogo. Msivunje wala kushikashika mawe yanayoning'inia, maana kipande cha kidole kimoja ni kazi ya mamia ya miaka. Mpeni mwongozaji haki yake na shukrani, kwani naye ni mwalimu.

Na mtoto akiuliza swali gumu, au akitenda kosa mbele ya watu, mtangulizeni kwa upole. Muulizeni amekusudia nini kabla ya kumhukumu. Huenda mkakuta chini ya kosa lake kuna ndugu ambaye ninyi mmemsahau.

Sarafu ile ya shilingi mia mbili mtoto hakuila karanga. Shangazi yake alimrudishia, wakaenda wote wawili kuitia katika sanduku la msikiti wetu, kila mmoja na nia yake.

Tunamuomba Allah (s.w.) awaruzuku watoto wema ndugu zetu wote walio katika mtihani huu, au awape subira iliyo bora kuliko walichokikosa, na atujaalie tuwe wapole kwa wadogo zetu na wa karibu kwa wenye huzuni. Aamin.

Wabillahi tawfiq.